Krismasi katika Bonde la Inn: hesabu tabaka za hewa kabla ya kutoka

Wageni wanaofika Innsbruck, mji wa magharibi mwa Austria, mwishoni mwa Desemba huuliza kama kutakuwa na theluji. Swali linalosaidia zaidi ni hili: theluji itashuka mpaka mita ngapi, na itabaki theluji mpaka saa ngapi? Mji uko mita 574 hivi juu ya usawa wa bahari. Kitongoji cha Igls, kinachofikika kwa basi la mjini, kiko karibu mita 870. Seegrube, kituo cha gari la waya kinachoonekana kutoka katikati ya mji, kiko mita 1,905. Siku moja ya sikukuu inaweza kuleta mvua mjini, theluji nzito Igls na dhoruba Seegrube. Usiku upepo ukigeuka, asubuhi Igls ni kukavu na mjini lami yote imevaa barafu. Utabiri unaosema "Innsbruck, nyuzi 2, mawingu" hausemi lolote kati ya hayo.

Haya ni mambo anayopaswa kuyajua yeyote anayekuja kutembelea ndugu, kupumzika au kufanya kazi ya msimu hotelini katika mabonde ya Tirol, jimbo ambalo Innsbruck ni mji wake mkuu, tangu katikati ya Desemba hadi tarehe 6 Januari, sikukuu ya Tokeo la Bwana, ambayo Austria ni siku ya mapumziko. Mengi yanafaa pia kwa mabonde ya Uswisi na ya kusini mwa Ujerumani.

Tuanze na hewa iliyolala chini. Hewa baridi ni nzito. Usiku ukiwa mtulivu na mbingu wazi, miteremko hupoza hewa inayoigusa, nayo huteremka taratibu na kujikusanya sakafuni mwa bonde. Kiangazi jua huipasha na kuitawanya asubuhi hiyohiyo. Desemba jua halina nguvu hiyo: tarehe 21 linafika digrii 19 tu juu ya upeo wa macho hata saa sita mchana, na vijiji vilivyo chini ya milima ya kusini hukaa kivulini wiki kadhaa. Theluji ikiwa imetanda chini, mwanga mchache unaofika nao hurudishwa angani. Kwa hiyo baridi hukaa siku baada ya siku, pamoja na ukungu, moshi wa majiko ya kuni na moshi wa malori. Ndiyo sababu magari kwenye barabara kuu ya A12 yamewekewa kikomo cha kilomita 100 kwa saa: hewa chafu haina pa kutokea.

Siku kama hiyo mjini huweza kuwa nyuzi 8 chini ya sifuri, huku Seegrube kuna jua na nyuzi 3 juu ya sifuri. Anayepanda mlimani avae nguo nyepesi nyingi badala ya koti moja nene. Jasho likilowesha fulana ya pamba juani, ukirudi chini saa kumi jioni fulana hiyo hukauka kwa kunyonya joto la mwili wako.

Kujua bonde liko katika hali gani hakuhitaji elimu ya chuo. GeoSphere Austria, idara ya taifa ya hali ya hewa, hutoa vipimo vya kila saa vya vituo vyake, ikiwemo Innsbruck na kilele cha Patscherkofel, karibu mita 2,250. Tofauti ya mwinuko kati ya viwili hivyo ni takriban mita 1,670. Chukua joto la mjini, toa joto la kileleni. Ukipata nyuzi 10 au 11, hewa imepangika kawaida na utabiri wa jumla unaaminika. Ukipata karibu sifuri, au kilele kikiwa na joto kuliko mji, bonde limefunikwa: chini kumejaa baridi na juu imekaa hewa vuguvugu kama kifuniko cha sufuria. Ukipata nyuzi 16 hivi, upepo mkavu unateremka kutoka juu na umeshafika chini, kwa sababu hewa kavu inayoshuka hupata karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100.

Namba ya kuogopa ni inayobadilika haraka upande mmoja. Patscherkofel ikipanda nyuzi 6 ndani ya saa chache na mji usitikisike, hewa ya joto imewasili juu na chini bado hakuna anayeihisi. Mawingu ya mvua yakifuata, kuna hatari ya mvua inayoganda.

Hali hiyo hujitokeza mara nyingi kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Baridi kavu ya katikati ya Desemba hukatizwa na upepo wa magharibi au kusini-magharibi unaoleta hewa laini ya Atlantiki. Si kila mwaka, lakini mara za kutosha hivi kwamba wenye hoteli huanza kuangalia ramani tangu tarehe 20. Ikija kwa nguvu, hushangaza hata wenyeji: tarehe 1 Januari 2023 Vaduz, katika Bonde la Rhine, ilipimwa nyuzi 20. Januari 2019 mambo yalikuwa kinyume kabisa. Upepo wa kaskazini-magharibi ulimwaga theluji upande wa kaskazini wa Alpi siku nyingi mfululizo, barabara zikafungwa na mapaa yakahitaji kupunguzwa mzigo.

Hewa hiyo ya joto inapoingia, mwanzoni huanguka theluji, kisha mvua, na wengi huamini kwamba mpaka kati ya mvua na theluji ni mstari ulionyooka. Sivyo. Chembe za theluji huendelea kuwa theluji mpaka mita 200 au 300 chini ya mwinuko wenye joto la sifuri. Hata hivyo, kuyeyuka kwenyewe kunakula joto la hewa. Katika bonde jembamba lisilo na upepo, kama Sellrain au sehemu za Stubai, mvua ikinyesha kwa nguvu, hewa yote kuanzia juu hadi sakafuni hupozwa mpaka sifuri, na theluji huendelea kuanguka mita 500 au zaidi chini ya pale utabiri ulipoweka mpaka. Bonde la Inn ni pana na upepo hupita, kwa hiyo hugeuka mvua mapema. Ndiyo maana saa ileile Innsbruck kuna matope ya theluji na Sellrain kuna sentimita 30.

Hali ya namna hiyo huisha ghafla. Mvua ikipungua, upozaji unapungua, na theluji hugeuka matone ndani ya dakika chache. Dereva aliyepanda kwenye theluji kavu hushuka kwenye theluji iliyolowa maji, ambayo huteleza zaidi. Panga kushuka wakati bado inanyesha kwa nguvu na barabara imetoka kupitiwa na gari la kukwangua theluji, au subiri mpaka imekwisha na imekwanguliwa tena. Muda wa katikati ndio mbaya.

Mvua inayoganda ni tofauti na haina mjadala: usiendeshe. Matone huanguka yakiwa maji, hupita kwenye baridi ya chini yakiwa hayajapata muda wa kuganda, kisha huganda yanapogusa lami, madaraja, ngazi na matawi. Huanza bila sauti, na lami huonekana imelowa tu. Angalia antena ya gari, nyaya au ukingo wa kioo cha pembeni: ukiona utando wa barafu mwangavu, na barabara iko vivyo hivyo. Madaraja hutangulia kwa kuwa baridi huyashika juu na chini. Chumvi hufanya kazi polepole na matone mapya huiosha. Pia ikipita nyuzi 10 chini ya sifuri chumvi ya kawaida haisaidii sana, ndiyo maana njia nyingi za miguu hapa humwagiwa kokoto ndogo. Katika bonde pana hali hii mara nyingi hudumu saa moja au mbili mpaka hewa ya joto iifikie ardhi. Katika mabonde ya pembeni yenye kivuli hudumu zaidi. Kwa miguu, nunua miiba ya chuma ya kuvalisha juu ya viatu. Inauzwa maduka ya michezo, inaingia mfukoni, na kwa wazazi wenye umri ina maana kubwa kuliko koti la bei ghali.

Kuhusu gari, sheria ya Austria iko wazi. Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili, barabara ikiwa na theluji, matope ya theluji au barafu, gari dogo lazima liwe na matairi ya majira ya baridi kwenye magurudumu yote manne, yenye kina cha mikato kisichopungua milimita 4. Tairi lenye milimita 3 kwa sheria hiyo si tairi la baridi tena, hata kama alama imo. Ukikodi gari nje ya Austria, pima mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Minyororo huvalishwa magurudumu yanayosukuma gari. Kwa magari madogo mengi ni ya mbele. Jaribu kuivalisha nyumbani mchana ukiwa huna glavu, halafu tena ukiwa nazo, kwa sababu ukiihitaji itakuwa usiku na vidole vimekufa ganzi. Vaa minyororo mahali pa tambarare kabla ya mlima, kwani ukishakwama katikati ya mteremko wa Zirler Berg, wenye mwinuko wa asilimia 15 hivi, umewafungia njia wote walio nyuma yako, pamoja na gari la kukwangua theluji. Endesha mita 50 hadi 100, simama, kaza tena. Usipite kilomita 50 kwa saa. Lami ikianza kuonekana, ivue. Kwenye lami kavu minyororo hukatika na kupiga bodi ya gari.

Vitu vidogo vinavyowaangusha wageni ni viwili. Cha kwanza ni maji ya kusafishia kioo: yawe ya kuvumilia nyuzi 20 chini ya sifuri, na baada ya kuyajaza piga kioo mara kadhaa ili yafike kwenye mabomba. La sivyo maji ya zamani huganda kwenye vitundu, na kwenye barabara yenye matope ya chumvi unapoteza uwezo wa kuona ndani ya kilomita chache. Cha pili ni dizeli: iliyonunuliwa sehemu za joto inaweza kuganda nta na kuziba chujio, kwa hiyo fika na tangi lililopungua ujaze dizeli ya baridi hapa.

Sasa Föhn, upepo unaowachanganya watu kuliko kitu kingine chochote bondeni. Hewa ya kusini huvuka Alpi kupitia pengo la Brenner, mita 1,370 hivi, na kuteremka kwa kasi kupitia bonde la Wipptal hadi Innsbruck. Ikishuka hukauka na kupata joto. Upande wa Italia kunanyesha, juu ya safu ya milima linasimama ukuta wa mawingu usiosogea, na mjini anga ni ya bluu na theluji inatoweka. Dalili yake ya mapema ni kanieneo ya hewa: Bolzano, mji wa upande wa Italia, ikizidi Innsbruck kwa hektopaskali 4 au 5, upepo huo unasukumwa uje.

Lakini kuja hakumaanishi kufika chini. Majira ya baridi ile hewa nzito ya sakafuni hushindana nayo. Patscherkofel inaweza kupigwa na upepo wa kilomita 100 kwa saa, Igls ikapata joto la ghafla, na Innsbruck ikabaki tulivu chini ya sifuri. Mara nyingi Föhn huvunja kifuniko karibu na mchana na kurudi juu jioni, na baridi ikarejea. Kwa hiyo anayeacha glavu nyumbani saa saba mchana kwa sababu kuna nyuzi 14 atajuta saa moja jioni.

Magari ya waya husimamishwa upepo ukizidi, na uamuzi ni wa mwendeshaji peke yake. Siku ya Föhn usipange chakula cha jioni juu ya mlima bila kuuliza watashushaje watu. Uwanja wa ndege wa Innsbruck huhitaji marubani waliofunzwa hasa kwa ajili yake, na upepo wa kusini ukichafuka ndege hupelekwa Munich au Salzburg. Jumamosi za sikukuu, ambapo wageni wengi hubadilishana, mkanganyiko huwa mkubwa. Ukienda kumpokea mtu, jua ratiba ya treni ya Munich hadi Innsbruck, safari ya chini ya saa mbili, na mweleze kabla hajapanda ndege. Mkesha wa Mwaka Mpya ukiangukia Föhn, acheni fataki. Nyasi za miteremko ya kusini zimekauka, mbao za nyumba zimekauka, na cheche husafiri mbali.

Föhn inavyokufa ndiyo sehemu ya hatari. Upepo wa kusini hukatika, mawingu yanaingia kutoka magharibi, kanieneo inaanza kupanda, na joto hushuka nyuzi 8 au 10 ndani ya saa moja. Theluji iliyoyeyuka mchana sasa ni maji barabarani, na kabla ya usiku wa manane ni barafu iliyofunikwa na theluji mpya nyembamba. Hakuna utelezi unaojificha vizuri kuliko huo. Fuata vipimo vya Bregenz na kisha Landeck, kwa kuwa ziko magharibi na hupigwa kwanza. Joto likiporomoka Landeck, umebakiwa na muda mfupi wa kufika nyumbani.

Mlimani mabadiliko hayo yana gharama nyingine. Tirol na majirani wake wa Italia, Südtirol na Trentino, hutoa kwa pamoja taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kila siku saa kumi na moja jioni, katika lugha kadhaa, kwa ngazi 1 hadi 5. Wengi husoma ngazi ya 3 kama "katikati", wakatulia. Ngazi ya 3 ndiyo inayoua wengi, maana theluji inaweza kukatika kwa uzito wa mtu mmoja tu na bado watu wanatoka. Theluji mpya ya sentimita 10 hadi 20 inatosha kuleta hatari ikija na upepo mkali na baridi. Bila upepo huenda zikahitajika 30 hadi 60. Mvua juu ya theluji huongeza hatari mara moja, katika saa za mwanzo, kabla baridi ya usiku haijaikaza. Sehemu zenye mwinuko wa digrii 30 na kuendelea ndizo za kuepuka, pamoja na zile zilizo chini yake, kwa sababu poromoko hufika tambarare pia. Tarehe 25 Desemba 2022, karibu na Zürs, poromoko liliingia mpaka kwenye njia ya kuteleza kwa ski; ilihofiwa kwamba watu 10 wamefukiwa, na wote wakapatikana hai. Anayetoka nje ya njia zilizotunzwa abebe kifaa cha kutoa na kupokea ishara, kijiti kirefu cha kupekecha na beleshi, na mwenzake abebe vilevile, kwa sababu aliyefukiwa huokolewa na aliye karibu ndani ya dakika 10 au 15 za kwanza. Namba ya uokoaji wa mlimani Austria ni 140. Ya dharura Ulaya nzima ni 112.

Nyumbani, theluji kavu mpya ya nusu mita huweka kilo 50 hivi juu ya kila mita ya mraba ya paa. Ikinyeshewa milimita 30 za mvua na ikizinywa zote, huongezeka kilo 30. Mzigo huo ndio unaoteleza kutoka paani, kwa hiyo usiegeshe gari wala kumwacha mtoto achezee chini ya ukingo wa paa siku ya joto. Anayemiliki nyumba mjini anapaswa kusafisha njia ya miguu mbele yake kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Wapangaji, someni mkataba, maana mara nyingine kazi hiyo mmepewa ninyi.

Jambo moja tunalisisitiza kwa ndugu zetu waliozoea nyama choma ya sikukuu: jiko la mkaa lisiingie ndani, wala kwenye roshani iliyofungwa vioo, wala lisiachwe gereji likipoa. Siku za hewa iliyofunikwa hata bomba la moshi la jiko la kuni huvuta vibaya, na Föhn huweza kuusukuma moshi urudi chumbani. Gesi inayoua, kaboni monoksidi, haina harufu. Kifaa cha kugundua gesi hiyo huwekwa chumba cha kulala, na ukisikia kichwa kizito pamoja na wenzako wote mezani, tokeni nje kwanza, kisha pigeni 144, namba ya gari la wagonjwa.

Wanaolala kwenye mabonde ya ndani kabisa, kama Galtür ya Paznaun, Obergurgl au Kühtai, wajue kwamba barabara hufungwa kwa tahadhari kabla poromoko halijashuka. Galtür ilifungiwa siku kadhaa Februari 1999, na tarehe 23 poromoko likaua watu 31 katika eneo lililohesabiwa kuwa salama. Siku iliyofuata watu 7 wakafa Valzur jirani. Zermatt, Uswisi, Januari 2018 wageni wapatao 13,000 walibaki bila barabara wala treni. Beba dawa zako za siku tatu au nne zaidi ya safari, maziwa ya mtoto vivyo hivyo, na tiketi inayoweza kusogezwa. Barabara ikifunguliwa kwa saa mbili katikati ya dhoruba, msafara huondoka na polisi: gari liwe limeshafukuliwa, mafuta yamo, minyororo iko juu ya mizigo na si chini yake.